Makofi Mawili ya Kuondoka

Kabla hujasikia mengine, jua kwamba sijasamehe. Katika vikao vyetu vya waandishi watu hupenda kusema kwamba mtu huandika ili apone. Mimi nimekaa na jambo hili mwaka mzima na sioni haja ya kupona. Kuna meneja mmoja, katika duka moja la magari lenye sakafu inayong'aa kama maji ya kisima, aliyemwambia baba yangu kwamba ameharibu gari lake kwa mikono. Nataka maneno hayo yamfuate popote aendako, mpaka kitandani kwake.

Baba ni dereva wa pikapu. Huegesha karibu na soko la Kawangware, mtaa tunaoishi, na kazi yake ni kuhamisha watu. Mwisho wa mwezi simu yake haipumziki. Wateja wake wengi wako Kibera, na wengi wao wanatoka chumba kimoja kwenda chumba kingine, umbali ambao mtu mzima angeutembea kwa dakika kumi kama si kitanda, kabati, mtungi wa gesi na runinga iliyofungwa kwa blanketi. Baba alitoka Kitui akiwa kijana, akajifunza udereva kwa kuosha magari ya wengine, na sijawahi kumsikia akijisifu ila kwa jambo moja: kwamba hajawahi kuvunja sahani ya mtu.

Sifa hiyo haikuwa yake peke yake. Alikuwa na taniboi, yaani yule mtu wa kupakia na kushusha, anayesimama nyuma na kumwongoza dereva. Taniboi wetu alitoka upande wa ziwa na anaishi Mashimoni, ndani ya Kibera. Ana zaidi ya miaka hamsini, kichwa kimeanza mvi. "Nina wajukuu watatu na bado mimi ni boi," alikuwa akiwaambia wateja, kisha anainua friji peke yake, waone boi mwenyewe. Baba alimwita omera, yaani ndugu yangu, yeye alimwita baba dere. Mimi aliniita nyathina, mtoto wangu, tangu nilipokuwa nikibebwa juu ya magodoro.

Walizungumza kwa mkono. Pikapu ikishajaa, dereva haoni nyuma. Anachokiona kwenye kioo ni godoro. Na katika vichochoro vya Mashimoni sauti ya mtu haifiki mbali: kuna kinu cha posho, kuna mhubiri mwenye spika, kuna redio tatu zinazogombana. Kwa hiyo taniboi alipiga bodi, yaani ubavu wa gari. Makofi mawili, ondoka. Kofi moja, simama. Makofi madogo madogo ya mfululizo yalimaanisha rudi nyuma polepole, na kadiri yalivyoharakisha ndivyo ukuta ulivyokaribia. Baba alisema hasikii kwa masikio, anasikia kwa mgongo, kupitia kiti. Nimemwona akirudisha pikapu kati ya beseni la nguo na jiko la mandazi, macho yake yametulia mbele, mgongo wake ukisikiliza.

Pikapu ile ya zamani ilikuwa ya kijani kilichochakaa. Nyuma kidogo ya gurudumu la kushoto palikuwa na mahali ambapo rangi ilikwisha kabisa, mahali pa ukubwa wa kiganja, chuma kikiwa kimesuguliwa mpaka kikawaka. Hapo ndipo mkono wa taniboi ulipotua kwa miaka yote hiyo. Palikuwa laini kama kipini cha jembe la mtu anayelima. Hapakuwa na bonde hata la kuwekea tone la maji.

Na mimi ndiye niliyemfanya aiuze. Sitajificha hapo. Jioni moja baba alinipeleka kwenye usomaji wa riwaya yangu ya kwanza, katika mtaa wenye miti na walinzi, na pikapu ikatoa moshi mbele ya lango, wenzangu wenye skafu nzuri wakaangalia pembeni kwa adabu. Nilishuka haraka, hata sikumuaga baba. Tangu siku hiyo nikaanza. Baba, mgongo wako. Baba, usukani ule mgumu. Baba, wateja wanataka gari safi. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, ndiyo kazi yangu. Hatimaye akaiuza kwa mtu wa Machakos anayebeba mchanga, akaongeza na alichokuwa nacho, akanunua mpya kabisa, ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameikalia.

Siku ya kuichukua tulienda watatu. Muuzaji alituzungusha akitaja vitu: kioo cha kugusa, taa zinazojiwasha, na kamera ya nyuma. "Hii inakuonyesha kila kitu, mzee," akasema. "Hutahitaji mtu wa kusimama huko nyuma." Taniboi alikuwa amesimama huko nyuma wakati huohuo, amevaa shati lake la kanisani. Baba akajibu tu kwamba mtu atamhitaji. Kisha akainama, akagonga ubavu wa pikapu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Inalia kama debe," akasema.

"Baba, siku hizi ndivyo yanavyotengenezwa," nikamwambia. Muuzaji akanishukuru kwa macho. Ningeweza kuimeza sentensi ile leo, ningeimeza na mifupa yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kijiji cha Raila, hukohuko Kibera, mwalimu wa chekechea akihamia Kawangware. Walipakia, wakafunga kamba, taniboi akarudi mahali pake nyuma ya gurudumu la kushoto akapiga makofi yake mawili. Pikapu haikuondoka. Baba alikuwa amesikia sauti ambayo hakuijua, akashuka kuangalia. Akamkuta taniboi ameshika mkono wake kwa mkono mwingine, kama mtu aliyeshikwa akiiba.

"Dere, umeingia."

"Nini kimeingia?"

"Mkono."

Bati lilikuwa limebonyea mara mbili, mabonde mawili kando kwa kando, moja likionyesha mpaka vidole. Walicheka siku hiyo. Mwalimu wa chekechea naye alicheka, akasema gari limepigwa muhuri. Lakini mkono uliozoea hauambiwi mara moja ukasikia. Kufikia mwezi wa pili ubavu wa kushoto ulikuwa umejaa mabonde kama chapati. Kamera yenyewe ilimezwa na matope ya Kibera wiki ya kwanza, ikaoshwa, ikaonyesha kijivu, ikazimika moja kwa moja. Kishikio cha mlango wa dereva, ambacho ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, kilimbakia baba mkononi akiwa ameenda kununua maziwa.

Kisha mlango wa nyuma. Katika pikapu ya zamani mlango ule ulishikwa na minyororo miwili, na taniboi alikuwa akisimama juu yake akiwa amebeba kabati. Huu mpya ulining'inia kwa nyaya mbili nyembamba kama kamba ya kuanikia nguo, na nyaya zenyewe zilikuwa zimebanwa kwenye bati, si kwenye chuma cha chini. Siku moja walipokuwa wakishusha cherehani ya mshonaji mmoja pale Mashimoni, waya wa kulia uling'oka na kipande cha bati, mlango ukaanguka, cherehani ikajiviringisha hadi mtaroni. Mshonaji alikaa chini kando ya mtaro. Hapo baba alikasirika kwa mara ya kwanza. Akaiosha pikapu kwa sabuni, akavaa koti, akaipeleka kwenye duka lililomuuzia, kwa sababu ilikuwa bado ndani ya waranti.

Nilikwenda naye. Meneja wa huduma alikuwa kijana wa rika langu, tai yake nyembamba, sauti yake ya chini. Hakuutazama mlango. Alizunguka hadi ubavu wa kushoto akaanza kupiga picha za mabonde, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta. Akasema gari lina alama za kupigwa. Baba akamweleza yale ya makofi, mawili ya kuondoka, moja la kusimama. Akamwonyesha kwa kiganja hewani, bila kugusa, kama anamfundisha mtoto wimbo. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "gari si punda. Haliendi kwa kuchapwa."

Akaandika kwenye fomu: matumizi mabaya. Waranti haitafanya kazi, si kwa mlango, si kwa kishikio, si kwa kamera. Wasichana wa mapokezi walitabasamu. Baba akakunja fomu ile mara nne, akaiweka mfukoni kwa uangalifu, akamwambia meneja asante.

Kesho yake akamwambia taniboi asipige tena bodi. Akampa firimbi.

Nilidhani ni mzaha. Ilikuwa firimbi nyekundu ya plastiki, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Mlio mmoja, simama, miwili, ondoka. Taniboi aliigeuza kiganjani akauliza kama na kadi atapewa, ya njano na nyekundu. Baba hakucheka. Basi akaivaa. Kila alipopuliza, kichochoro kizima kilitoka kuangalia. Wamama wa mboga walimwita refa. "Refa, na hiyo penalti yetu ya jana?" Alikuwa akiwajibu, yeye na mdomo wake, lakini niliona kwamba alikuwa akiificha firimbi ndani ya shati mara tu gari lilipoondoka.

Kazi ya mwisho ilikuwa Mashimoni, karibu na kioski cha maji, kando ya kiwanja ambapo vijana hucheza kandanda Jumamosi. Mlango wa nyuma ulikuwa haufungi tangu waya ung'oke, kwa hiyo taniboi alikuwa akiufunga kwa kamba kwenye nguzo za bodi. Alikuwa bado anakaza fundo, kidole gumba kikiwa ndani ya kitanzi, aliposikika refa wa kiwanjani, refa wa kweli, akipuliza mara mbili. Baba akaondoka.

Ni kosa la kipumbavu ukilisikia. Lakini fikiria mtu aliyeendeshwa kwa miaka mingi na mgongo wake, halafu mgongo huo ukazibwa, akaambiwa asikilize kama watu wengine.

Kamba ilikaza, kidole kikavunjika. Waliokuwapo wanasema taniboi hakupiga kelele. Baba aliposimamisha gari na kurudi mbio, alimkuta amekalia mtungi wa maji, anakitazama kidole kilivyoelekea kusikoelekewa.

"Kumbe refa alikuwa mwingine," akasema.

Alipelekwa zahanati, akafungwa plasta, na hakurudi kazini. Baba alimpigia simu, haikushikwa. Alikwenda kwake mara mbili na kuambiwa hayupo, na mara ya pili alikisikia kikohozi chake ndani. Wapakiaji wengine walijitokeza, baba akawakataa wote. Akawa anaegesha sokoni, mlango wazi, miguu nje, akiwaambia wateja wa vichochoroni kwamba hawezi kuingia huko. Nilikuwa nikimpelekea chai na kukuta ile ya asubuhi haijaguswa. Tulidhani tumepoteza mlango wa nyuma. Tulichokuwa tukipoteza ni mtu, na aliyetupokonya alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka, akiandika fomu nyingine.

Nikaomba funguo. Baba akauliza naenda wapi, nikamwambia. Akanipa.

Niliegesha ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la duka, mahali ambapo kila mtu ana haki ya kuegesha. Niligeuza ubavu wa kulia, ule uliokuwa bado mzima, uelekee wanaopita. Nikasimamisha kipande cha boksi juu ya bodi, nimeandika kwa rangi nyekundu: PIGA MAKOFI MAWILI. BURE. Sikuandika jina la mtu wala la duka. Halikuhitajika, lilikuwa kwenye mlango wa nyuma kwa herufi zinazong'aa, zile zilizokuwa hazijabanduka.

Saa ya kwanza walipiga watu wa bodaboda, kwa utani. Kisha akaja mwanamume aliyevaa koti la safari, ametoka nje ya mji kununua pikapu ya kubebea maziwa, bado ana kijitabu cha duka chenye picha. Akasoma, akaniuliza ni mchezo gani. Nikamwambia ajaribu. Akapiga makofi mawili, si ya nguvu. Akalitazama bonde. Akakitazama kiganja chake, kana kwamba ndicho chenye kosa, na hapo nikamwona baba. Kisha akanikabidhi kile kijitabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaondoka zake upande mwingine. Sijawahi kuifurahia sentensi yoyote niliyoandika kama nilivyoufurahia mgongo wa mtu yule.

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Mlinzi wa duka alikuja kunifukuza, akaishia kupiga yeye mwenyewe, akarudi langoni anacheka kwa siri. Meneja alikuwa akitutazama kupitia kioo. Nilimpungia mkono kila alipotokea. Najua haikuwa tabia nzuri. Niliifanya kwa moyo wangu wote.

Siku ya tatu adhuhuri nikamwona taniboi anakuja kwa miguu, plasta yake nyeupe imeshikwa kifuani. Watu wa bodaboda walikuwa wamepeleka habari mpaka Mashimoni. Alisimama mbele ya boksi langu akalisoma kama mtihani.

"Nyathina, na kitabu umeandika," akasema, "lakini biashara hujui. Watu hawaji kwa kusoma. Wanaitwa."

Akaanza kuita. Karibuni, piga, usiogope, si gari la mama mkwe. Polepole kaka, wewe ukipiga hivyo utatokea upande wa pili. Mama, wewe weka kidole tu, kitatosha. Hadi jioni ubavu wa kulia ulifanana na wa kushoto.

Kesho yake baba alikuja na mandazi kwenye karatasi. Hawakuwa wameonana tangu zahanati. Hakuna aliyemsalimia mwenzake; waliingia ndani ya pikapu, kila mmoja upande wake wa siku zote, na mimi nikabaki nje, dirisha likiwa wazi kwa sababu mashine yake ya kulifunga ilishakufa.

"Nilisikia firimbi," baba akasema.

"Najua."

"Nilidhani ni wewe."

"Dere, mimi sina hasira ya kidole. Kidole kitapona." Akafungua karatasi ya mandazi. "Mtu wa tai alisema mkono wangu ni mbaya, na wewe ukaniletea firimbi."

Baba hakujitetea. Alisema, "Ndiyo. Nilimwamini." Wakala mandazi.

Saa nane meneja alivuka barabara na karatasi. Alitabasamu, safari hii yeye. Duka, akasema, litaweka mlango mpya wa nyuma, kishikio na kamera, bila malipo, mradi pikapu iondoke pale leo na wahusika waweke sahihi kwamba hawatazungumzia suala hili tena. Baba akaisoma. Kisha, badala ya kunipa mimi niliyesoma chuo, akampa taniboi. Taniboi husoma polepole na kwa sauti. Alifika kwenye mstari uliosema kwamba uharibifu ulitokana na matumizi mabaya ya wafanyakazi, lakini kampuni, kwa nia njema. Akasimama hapo.

"Wafanyakazi," akasema. "Mfanyakazi ni mmoja. Ni mimi."

Baba akageuka dirishani. "Kijana wangu, mstari huo utoke."

Meneja akasema ni maneno ya kawaida, mwanasheria ndiye aliyeyaandika, hayana uzito wowote. Baba akasema kama hayana uzito basi kuyatoa ni rahisi. Nyuma yetu mwanamke mmoja mwenye mkoba wa ngozi, aliyekuwa akielekea langoni, alisimama kusoma boksi, akainua mkono. Sote tulisikia. Meneja akatoa kalamu, akaukata mstari ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaandika kifupi cha jina lake pembeni. Nilitazama vizuri ili nisisahau.

Mimi nilitaka zaidi. Nilitaka aandike kwamba bati ni jembamba, kwamba aliliona, kwamba alilijua siku alipotaja punda. Nilitaka amwombe taniboi msamaha akiwa amesimama kwenye vumbi na viatu vyake vile. Nikaanza kusema hivyo, baba akanigusa mkono. Kwake ilikuwa imekwisha mstari ulipokatwa. Akatia sahihi juu ya usukani. Taniboi akatia yake kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama watu walioshiba.

"Kesho kuna mtu Raila," baba akamwambia. "Saa moja."

"Saa moja ya saa, au saa moja yako?"

"Ya saa."

"Basi nitakunywa chai kwanza."

Walibadilisha mlango, na huu mpya ni mwepesi vilevile. Nimeuinua kwa vidole viwili. Bado mtu ananunua pikapu kama ile kila siku, akiwa na koti zuri, na muuzaji anamwambia hatahitaji mtu wa nyuma. Karatasi ile ya kutozungumza tena ilikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya mwenye gari na ya mfanyakazi wake, na meneja aliziangalia zote mbili mara mbili kabla ya kurudi ng'ambo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo muda wote, nimeshika boksi langu, na hakufikiria kunipa kalamu.